Yokubas Asiulizwe

Nimeishi na wanaume wengi ndani ya nyumba yangu, na wote isipokuwa mmoja walikufa zamani za kale. Ndivyo ilivyo ukiolewa na rabi wa Kiyahudi. Mume wangu Azriel hasemi kwamba jambo fulani limeandikwa na wazee wa sheria. Husema, "Leo Akiva kanikatalia," au, "Gamliel hatalipenda hili," na mimi nabaki na mwiko mkononi nikijiuliza kama niongeze sahani. Silalamiki. Nalalamika kidogo tu.

Lakini kwa habari ya Mindl nililalamika sana, na sijuti.

Mindl alikuwa mke wa Zelik, kijana wa hapa kwetu kando ya mto Nemani, ambaye kazi yake ilikuwa kushuka na mbao za matajiri hadi Prusia. Yeye na wenzake walifunga magogo yakawa chelezo, wakapanda juu yake, wakateremka na maji. Masika moja, barafu ikiwa ndiyo kwanza inapasuka, chelezo chao kiligonga vipande vya barafu kikafumuka. Wenzake walirushwa wakaangukia kwenye matope, wakapona. Zelik hakuonekana. Mto ulikuwa umefurika hadi mashambani, na mtu aliyesimama upande mmoja hakuuona upande wa pili.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Sheria yetu inasema mtu akizama kwenye bwawa ambalo unaziona kingo zake zote, ukangoja, asitoke, basi amekufa na mkewe ni mjane. Akizama kwenye maji ambayo mwisho wake hauonekani, huenda ametokea mahali usipopaona. Mkewe si mke wala si mjane. Amefungwa. Hawezi kuolewa mpaka apatikane wa kusema, "Nimemwona amekufa, na uso wake niliutambua."

Wiki chache baadaye wanawake wawili waliingia jikoni kwangu bila hodi. Mmoja alikuwa Mindl mwenyewe, na alikuwa na miaka ishirini na miwili tu. Wa pili alikuwa mama mkwe wake, Gnesia, mjane mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuita ng'ombe. Siku hiyo sauti haikuwepo.

"Rabi yuko wapi?" aliniuliza.

Azriel alitoka chumbani na miwani juu ya paji la uso. Gnesia hakukaa.

"Rabi, Yokubas amekuja mlangoni kwangu. Yule mwendesha chelezo, Mlithuania. Sikumuuliza kitu, naapa. Alivua kofia akasema, 'Mama, mwanao nimemzika kwa mikono yangu.' Nikaanguka palepale. Nilipozinduka, alikuwa ameshaondoka, chelezo kilikuwa kinamngoja."

Nilimwona Azriel akishika ukingo wa meza.

"Mwingine aliyesikia?"

"Hakuna. Mindl alikuwa mtoni anafua."

Azriel alifumba macho, nami nikajua kwamba mambo yameharibika, ila sikujua ni kwa vipi. Wazee wetu waliwahurumia sana wake waliofungwa. Katika kesi nyingine hudai mashahidi wawili wanaume, watu wazima, wacha Mungu. Katika hii wamemkubali shahidi mmoja. Wamemkubali mwanamke. Wamemkubali hata mtu asiye Myahudi, mradi azungumze mwenyewe tu, kama mtu anavyosimulia habari za safari, bila kuulizwa na bila kujua kwamba maneno yake yana uzito. Mlango waliufungua karibu wote. Wakawazuia wanawake watano tu wasipite, na wa kwanza kati yao ni mama mkwe.

"Kwa nini?" Gnesia aliuliza alipoelezwa.

"Kwa sababu huenda anamchukia mkaza mwana wake. Atasema mume amekufa ili mwanamke aolewe. Halafu mume arudi, na yule maskini awakose wote wawili, maana akishafanya hivyo ni haramu kwa wa kwanza na kwa wa pili."

"Mimi nimchukie Mindl?" Sasa sauti ilirudi. "Mimi? Nani alimfundisha kusuka mkate wa Sabato? Nikiumwa mgongo nani ananigeuza kitandani? Tunalala chini ya blanketi moja, Rabi!"

"Najua, mama. Mimi nakuamini."

"Basi sema!"

"Mimi nakuamini. Sheria haiwezi."

Kisha akamwambia lililobaki, na nilitamani angenyamaza. Gnesia asikae matanga. Asirarue nguo, asivue viatu, asikae chini. Mji ukimwona anaomboleza, watu watasema Zelik amekufa, na kesho atatokea mjinga wa kumwoza Mindl. Hata mwili wenyewe ungepatikana usingesaidia tena, kwa kuwa baada ya wiki zile uso hauwi uso.

Gnesia alimshika Mindl mkono wakaondoka. Chakula nilichompa Azriel siku ile kilikuwa kimeungua, na nilikiunguza kwa makusudi.

*

Yokubas hakurudi. Ilisemekana amepata kazi bandarini huko Prusia. Miaka minne ikapita hivyo, Mindl akivaa kitambaa cha mke na akila kama mjane.

Katika miaka hiyo Tsadok, mwoka mikate, alifiwa na mkewe. Ni mtu mpole, ana unga masikioni siku zote, na watoto wawili wasiojua kufunga vifungo. Hakuthubutu kutuma mshenga kwa mwanamke aliyefungwa. Alituma mkate. Kila Ijumaa mkate mmoja wa kusuka ulifika kwa Gnesia bila neno, na mji mzima ukajua una maana gani. Mindl aliupokea akiinamisha kichwa, masikio yamemwiva.

"Mfungue," nilimwambia Azriel mezani, si mara moja. "Unajua amekufa. Mimi najua. Mbuzi wa sinagogi anajua."

Ndipo alipokuwa akinisimulia habari za Akiva, na mimi nikiijua hadithi ile kuliko jina la mama yangu. Gamliel alikuwa baharini, akaiona merikebu nyingine ikivunjika, na ndani yake alikuwemo Akiva. Akamlilia, mwanachuoni mkubwa namna ile. Aliposhuka pwani, alishangaa kumwona Akiva anaingia, anakaa mbele yake, anaanza kubishana juu ya sheria. Akamuuliza, nani kakutoa? Akiva akajibu kwamba alipata ubao wa merikebu, na kila wimbi lililomjia aliliinamishia kichwa.

"Gamliel aliona kwa macho yake," Azriel alisema. "Gamliel, Dvoshe! Na alikosea."

"Huyo Akiva wako angezama tu, Mindl angekuwa ameshaolewa."

Nilijua nimevuka mpaka. Hakunikaripia. Aliweka kijiko chini.

"Siku Zelik akiingia mjini na ubao wake, na Mindl ana mtoto wa Tsadok tumboni, wewe utakwenda kumwambia? Nitakupisha."

Nilimwonea huruma, nikakasirika kwamba namwonea huruma, nikaenda kuosha vyombo.

*

Mwaka wa nne, baada ya barafu kuondoka, Yokubas alishuka sokoni na mkokoteni wa viazi. Amezeeka, ndevu zimekuwa za manjano, mguu mmoja anauburuta. Amerudi kuishi kwa dada yake ng'ambo ya mto.

Habari ilimfikia Azriel kabla hajamaliza sala ya asubuhi. Hakumngoja mtu avue shali ya sala. Alipanda penye meza ya kusomea ya sinagogi, na mimi niko juu kwenye nafasi ya wanawake nikichungulia.

"Sikilizeni! Yokubas amerudi. Asiulizwe! Mtu yeyote asimuulize habari za Zelik. Akisema mwenyewe, tumepona. Akiulizwa akajibu, hilo ni jibu la mtu aliyeulizwa, huenda amesema ili atufurahishe, na hatuna tena mwingine. Mmenielewa?"

Wote walielewa. Basi palikuwa na mtu aitwaye Fayvl, mshenga wetu, anayejiona mjanja kuliko nyoka. Siku ileile alimkalisha Yokubas kwenye baa, akamnunulia vodka, akaanza kuzungumza juu ya maji. Mafuriko ya zamani, mafuriko ya sasa. Watu walioanguka mtoni, vichaa wanaoogelea penye barafu. Alipoishiwa, akasema, "Eh, mto huu umekula vijana wetu wengi, au siyo, Yokubas?"

Yokubas alimtazama, akanywa, akasema viazi mwaka huu vina minyoo.

Fayvl alikuja kwetu akisifu uvumilivu wake. Sijawahi kumwona mume wangu akimshika mtu ukosi, ila siku hiyo nilimwona.

"Unamtegea? Wewe punda! Angesema 'ndiyo, na Zelik pia', tungefanya nini? Umemwekea neno kinywani!"

"Sikuuliza, Rabi. Nilizungumzia maji tu."

"Umeuliza kwa mdomo wa pembeni! Kuanzia sasa, maji yasitajwe. Mto usitajwe. Mwuzieni chumvi, mwambieni kwaheri."

Mji ukatii, tena ukatii kupita kiasi, kama tunavyofanya sisi siku zote. Yokubas akiingia dukani, mazungumzo yanakatika. Akisema habari za asubuhi, anaitikiwa mara tatu kisha kimya. Muuza samaki alimfungia samaki bila kutaja bei kwa kuogopa neno lolote litakaloanzia na mto. Watoto waliomzoea walivutwa ndani. Wanawake walimtabasamia na machozi yakiwalengalenga. Mwenyewe aligeuka kila upande, akitafuta amekosa nini.

Gnesia alikutana naye mara mbili njiani. Fikiria mtu huyu ndiye wa mwisho aliyemshika mwanao, naye anapita na mkokoteni, na wewe umekatazwa kusema naye neno. Aliniambia alijing'ata ulimi hadi akaonja damu.

*

Ijumaa moja nilikwenda kwa Tsadok kuchukua mkate. Gnesia alikuwa amefika kabla yangu, maana Mindl alikuwa na homa. Tsadok alikuwa akitoa mikate kwenye tanuri kwa koleo lake refu la mbao. Mlango ukafunguliwa, Yokubas akaingia kununua mkate mweusi.

Sote watatu tukawa mawe. Tsadok alimfungia mkate, akamrudishia chenji, hakutoa sauti. Yokubas hakuuchukua. Alimtazama Gnesia, Gnesia akatazama sakafu.

"Hata wewe?" alisema.

Gnesia alijing'ata ulimi, akashika ukingo wa kaunta.

"Hata wewe, mama? Hawa wengine sawa. Wananitazama kama mwenye ukoma, sawa. Lakini wewe!"

Nilijua kinachokuja. Nilijua pia jambo jingine ambalo wazee wetu waliliwekea uzio: anayetoa ushahidi kwamba mume amekufa hamwoi mjane wake, watu wasije wakasema alishuhudia kwa tamaa yake. Na Tsadok amesimama pale na koleo, masikio wazi.

"Tsadok," nikasema polepole, bila kugeuka. "Toka nje."

"Nina mikate kwenye tanuri, Bibi Rabi, itaun..."

"Toka nje, mpumbavu we! Ziba masikio!"

Akaelewa. Alitupa koleo, akaziba masikio yote mawili kwa mikono yenye unga, akatoka mbio kwenye duka lake mwenyewe, akaendelea kukimbia. Waliokuwa sokoni wanasema alipita kisima na hakusimama. Yokubas alimkodolea macho, na nadhani hapo ndipo alipochoka nasi kabisa. Akapiga ngumi kaunta.

"Ninyi ni watu gani? Nimemtoa Zelik wenu kwenye matete asubuhi ileile aliyozama! Bado ana rangi yake! Zelik niliyekula naye, niliyelala naye juu ya gogo moja! Nikamchimbia kwa kasia, ardhi ina barafu, viganja vikachunika. Nikataka kuweka msalaba, nikakumbuka si desturi yenu, nikapanga mawe ili mbwa wasifukue. Nikaja kukuambia, mama. Nikasema watakuja, watamchukua wamlaze kwa wenzake. Nimerudi baada ya miaka yote hii, nimekwenda kutazama, mawe yapo palepale! Hakuna aliyekuja. Na tangu nimefika, hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyeniuliza amelala wapi!"

Gnesia alijifunika uso kwa aproni. Nilitaka kumshika yule mzee mikono niibusu, mimi mke wa rabi, mbele ya tanuri. Hakuna aliyemuuliza. Kalisema mwenyewe, kwa hasira, na ushahidi ukawa safi kuliko maji ya mvua.

Akishaanza mwenyewe, sheria inaruhusu kuuliza zaidi.

"Ulijuaje ni Zelik?" nikasema.

"Nilijuaje!" Aliniona kichaa. "Nilimfuta matope usoni. Yale macho ya paka. Lile jino la mbele lililovunjika siku tuliyopigana na wale wa Kovno. Ningekosaje kumjua, mama? Ningekosaje kumjua mtu wangu?"

"Amelala wapi, Yokubas?"

Akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mkate wake ukiwa bado juu ya kaunta. "Penye kona ya mto, chini ya mti wa mwerebi," alisema. "Hatimaye. Hatimaye mtu anauliza."

Nyuma yetu mikate ya Sabato ya mji mzima ilikuwa inaungua. Siku hiyo kila nyumba ilikula mikate myeusi ya kusuka, na sikusikia mtu aliyenung'unika.

*

Azriel hakukubali kuhukumu peke yake, na kwa kuwa shahidi ni mkewe, hakukaa na mahakimu kabisa. Aliwaita marabi watatu wa miji jirani. Walinihoji mchana kutwa: nani alizungumza kwanza, alikasirika au alitania, Gnesia alisema neno, mimi nilisema neno, Tsadok alifika wapi. Azriel alikaa kwenye ngazi za nje kama mtu ambaye mkewe anajifungua. Alipofunguliwa mlango, mzee wao alisema maneno mawili: "Ni mjane." Azriel aliegemeza kichwa ukutani na kulia. Nilijua hapo, na ningepaswa kujua mapema, kwamba miaka ile minne hakulala vizuri kuliko Mindl.

Zelik aliletwa makaburini petu, Yokubas akitembea nyuma ya mkokoteni, kofia mkononi. Kisha tukaenda kwa Gnesia.

Alikuwa ameketi juu ya kreti lililopinduliwa, miguu bila viatu. Mindl alikaa sakafuni ubavuni pake. Azriel alisimama mlangoni, anazungusha miwani.

"Mama, habari zikishakuwa za zamani, matanga si siku saba tena. Ni saa moja."

"Saa moja," alisema Gnesia. "Kwa miaka yote ile."

"Saa moja." Kisha akapiga goti, Azriel wangu, ambaye magoti yake yanamuuma. "Nisamehe. Ulisema kweli tangu siku ya kwanza, na nilijua."

Gnesia alitikisa kichwa.

"Inuka, Rabi. Usiombe msamaha kwa ajili yao. Hao wazee wako walikuwa na mama zao, walikuwa na wake zao, walijua." Alipapasa kichwa cha Mindl bila kumtazama. "Siku mkate wa kwanza wa Tsadok ulipoletwa, nilimchukia huyu. Niliona wekundu masikioni mwake nikasema moyoni, kumbe mwanangu hajakauka na wewe unaona haya kwa mwingine. Siku ile ungeniuliza lolote juu yake, ningekujibu vibaya. Lilipita. Lakini lilikuwapo."

Nilitamani kuzama chini ya sakafu.

"Nilijua, mama," alisema Mindl. "Siku ile ulinipa supu ya baridi."

"Ulijua?"

"Nikainywa."

Gnesia akacheka, kicheko kile cha kuita ng'ombe, halafu kikageuka katikati, na kilio kilichokatazwa kwa miaka minne kikatoka chote. Alimwita Zelik kwa jina lake la utotoni. Mindl naye alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza akiwa mjane mbele ya watu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Saa ya ukutani ilipogonga, Azriel aliitazama, akafungua kinywa, akakifunga. Ni Gnesia mwenyewe aliyefuta uso na kunyoosha miguu. Mindl alipiga magoti akamvalisha viatu, kimoja, kisha kingine, akafunga kamba.

"Mkate wa harusi nitaoka mimi," Gnesia alimwambia. "Tsadok asiuguse. Ataunguza."